Somo la simu ya kuazima

Maandishi ya mazungumzo yetu na walimu vijana, wanafunzi wa chuo kikuu na wote wanaojitolea kufundisha kwa njia ya simu. Beni.



Asanteni kwa kuja siku ya Jumamosi, siku ya kufua na ya soko. Kuko wenye wametoka Oicha, kuko wenye wametoka Mangina, na barabara tunaijua. Tutasema yale ya maana ili kila mtu awe kwake mbele ya giza.

Tulipotangaza mazungumzo haya, watu walituuliza: ninyi muko watu wa kudai usalama na maji, masomo ya mtandaoni inawahusu nini? Inatuhusu sana. Katiba yetu, ibara ya 43, inasema kila mtu ana haki ya kusoma, na shule ya msingi ya leta ni ya lazima na ya bure. Haikuandikwa pale "isipokuwa wakati wa vita". Lakini hapa kwetu, tangu mauaji ya raia yaanze Oktoba 2014, kuko watoto wenye wamekimbia mara tatu, mara ine, na kila mara ni kilasi inabaki nyuma. Ebola ilikuja mwaka 2018. Machi 2020 shule zikafungwa inchi nzima kwa Korona. Tangu Mei 2021 tuko chini ya hali ya dharura ya kijeshi. Kila mara mtu fulani wa huko juu anasema katika redio: "masomo yaendelee kwa njia ya mtandao," kisha anaenda kula. Kazi ya kuifanya ile sentensi iwe kweli inawaangukia ninyi mulio hapa, bila mshahara, na mega zenu wenyewe. Ndiyo sababu tunataka tuongee juu ya kazi yenyewe: namna gani somo linatengenezwa ili mwanafunzi asikimbie.

Tuanze na kile tunaita somo la mtandaoni leo. Mara nyingi iko hivi. Saa tatu ya usiku mwalimu anaingia katika grupu ya WhatsApp, anatupa silabusi ya PDF, kurasa 60 zilizopigwa picha moja moja, mega 40. Chini anaandika: "Someni mpaka ukurasa wa 34, tutaendelea Alhamisi." Dole gumba nane zinapanda. Wanafunzi katika grupu wako 120. (Na kati ya wale nane, wawili ni walimu wenzake.) Alhamisi anatuma nyingine. Mwisho wa mwezi anaandikia prefe: masomo yametolewa. Ni kweli, yametolewa. Kama yalipokelewa, hakuna mwenye anajua.

Yule mwalimu hatumsemi vibaya. Alifanya kwa simu kile alichofanyiwa yeye ubaoni: mwalimu anasoma, mwanafunzi anakopya. Shida ni kwamba kilasini kuko vitu vinavyomshika mtoto hata somo likiwa baya: macho ya mwalimu, kengele, rafiki wa pembeni, fimbo kwa wale wangali wanaitumia. Katika simu hakuna hata kimoja. Kidole kinapita, somo limekwisha. Na mtoto anapoondoka hakuna kiti kitupu cha kuonyesha kama ameondoka. Anaweza kupotea mwezi mzima, na jina lake lingali katika grupu.

Sasa tumfikirie mwanafunzi mmoja. Hatumpi jina, kila mtu hapa anamjua mmoja kama yeye. Yuko finalisti, Exetat iko mbele yake. Familia ilikimbia kijiji cha barabara ya Mbau, shangazi aliwapokea mjini, watu kumi na moja nyumba moja. Simu yenye WhatsApp ni ya mama. Mama anashinda nayo sokoni, juu ndiyo simu ya kupokea pesa za wateja. Anaporudi mangaribi, chaji iko asilimia kumi na tano, na kuchaji ni kwa jirani mwenye panno ya jua. Binti yetu kwanza anateka maji, anapika, anaosha sahani, analaza mdogo wake. Simu inamfikia saa mbili na nusu ya usiku, na kaka yake naye anaingojea. Yuko nayo dakika ishirini.

Dakika zile ishirini ndizo shule yake ya siku nzima. Somo lisiloingia mle halikutengenezwa kwa ajili yake, hata likiwa na rangi na muziki.

Kwa hiyo mbele ya kuandika somo, pima uzito wake kama vile mama sokoni anapima unga. Odio ya WhatsApp ya dakika moja haifiki robo ya mega. Maandishi ya ukurasa mzima hayana uzito wa kusemwa. Picha moja ya daftari ikipita katika WhatsApp inakuwa kitu kidogo. Lakini video ya dakika moja inaweza kula mega tano ao kumi, na mkutano wa video wa saa moja unakula mamia ya mega. Ukimwita mtoto yule katika mkutano wa video, umemwomba achague kati ya kilasi yako na inite za mama za wiki. Munakumbuka ile RAM, kodi ya simu yenye walianza kutukata mwaka 2020, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G? Tuliipinga barabarani na ikafutwa mwaka 2022. Itakuwa aibu sisi wenyewe tuje kuwatoza watoto kodi ingine kwa jina la masomo.

Na hata kule kwenye intaneti ya kutosha, video ndefu haimshiki mtu. Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin waliangalia mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo ya edX, masomo ya vyuo vikuu vikubwa vya dunia. Waliona kama watazamaji wengi hawapiti dakika sita, hata video iwe ndefu namna gani. Hao ni watu wenye Wifi na kiti. Sasa wewe unataka mtoto wa Beni avumilie dakika arobaini za kusikia unasoma silabusi?

Lakini ufupi peke yake hautoshi, na hapa ndipo tunaomba musikilize vizuri. Mwaka 2020, wakati shule zilifungwa, Noam Angrist na wenzake walifanya majaribio huko Botswana na familia zaidi ya 4,500. Hawakutumia intaneti hata kidogo. Familia za kwanza walizitumia SMS za hesabu kila wiki. Familia za pili walizitumia SMS zilezile, kisha mtu akawapigia simu dakika 15 hadi 20 kwa wiki, akaongea na mzazi na mtoto, akawasikia wakifanya hesabu. Kundi la tatu halikupata kitu. Wale wa SMS pamoja na simu walijua hesabu kuliko wengine, na ilionekana wazi. Wale wa SMS tupu hawakuonyesha faida ya kushika.

Maneno ya hesabu yalikuwa yaleyale. Tofauti ilikuwa sauti ya mtu mwenye anauliza: "Umefanya? Nionyeshe namna umefanya." Mtoto alijua kama Alhamisi kuko mtu atamwuliza. Sisi tunasema hiyo ndiyo siri nzima ya somo lenye kushika, na haihitaji programu ya bei kali. Kitu cha kufanya, kisha mtu wa kujibu.

Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho. Somo la biolojia: fermentation, ile kwa Kiswahili tunaita kuchacha. Katika silabusi ni kurasa ine za maneno magumu. Lakini tuko Beni, na hapa kakao iko katika kila familia, ao ilikuwa.

Siku ya kwanza, mwanafunzi anapokea maandishi mafupi peke yake. "Tafuta mtu wa nyumbani mwenye amewahi kufunika kakao, ao kutengeneza kasiksi. Muulize: kisha siku tatu, ukitia mkono ndani, unasikia nini? Inanuka nini? Kesho utuambie alivyojibu, kwa maneno yake." Hiyo ndiyo yote. Angalieni kazi hii inafanyika wapi: jikoni, wakati simu ingali kwa mama. Swali linaingia katika simu sekunde kumi, kisha somo linatembea nyumbani bila chaji na bila mega. Hata bibi mwenye hakusoma anakuwa mwalimu wa usiku ule, na mtoto anasikia kama mambo ya nyumbani kwao yanastahili kuingia shuleni.

Kesho yake majibu yanakuja. "Inachoma kama uji." "Inanuka pombe." "Mama iko anasema inanuka kama siki." Pale mwalimu yuko na mali mkononi. Anatuma odio ya dakika mbili, tatu kwa wingi, na anaanza na majibu yale: kwa nini wengine walisikia pombe na wengine siki? Kisha anaeleza. Ule utandu mweupe wa kakao uko na sukari. Levire, vidudu vidogo vyenye macho hayavioni, vinakula sukari na kutoa pombe. Hewa ikiingia mtu anapogeuza kakao, bakteria wengine wanageuza ile pombe kuwa asidi, ileile ya siki. Kazi hiyo inatoa joto, sanduku linafika digri 45 hadi 50, na mbegu inakufa ndani. Ikikufa, inaanza kubadilika: ule uchungu unapungua, rangi ya zambarau inaelekea hudhurungi, na ile harufu yenye wazungu wanalipia inaanza kutengenezwa. Siku tano hadi saba, kisha jua. Mwisho wa odio, mwalimu anasema majina ya Kifaransa pole pole, mara mbili: fermentation alcoolique, fermentation acétique, juu Exetat itawauliza kwa Kifaransa. Chini ya odio, picha moja tu: sanduku tatu zimechorwa kwa biki, siku ya kwanza, ya tatu, ya sita.

Kisha swali moja. "Jirani alivunja kakao asubuhi, siku ileile akaianika juani bila kuifunika. Mnunuzi amekata mbegu, ndani ni zambarau, ameipunguza bei. Kitu gani hakikufanyika ndani ya mbegu? Jibu kwa sentensi mbili ao odio ya sekunde thelathini."

Swali hilo huwezi kulikopya kutoka kwa rafiki bila yeye kujua kama umekopya, juu kila mtu anasema kwa njia yake. Na tayari unajua kosa lenye litakuja: wengi wataandika "haikukauka vizuri". Usiwajibu "FAUX" kwa herufi kubwa. Jibu: "Kukauka inaondoa maji. Ile sukari ya utandu, nani alipaswa kuiondoa?" Mwanafunzi anarudi. Pale ndipo somo linakuwa somo, katika mara ile ya pili anaporudi. Mwalimu mwenye anajibu swali kwa swali dogo anatumia mega chache kuliko mwenye anatuma PDF nyingine ya masahihisho.

Siku ya tatu hakuna kitu kipya. Maandishi tu: "Bila kufungua odio, andika kwa utaratibu mambo matatu yanayotokea ndani ya sanduku." Wanafunzi hawapendi hii. Watakuambia, "Mwalimu, acha nisikilize tena kwanza." Kataa kwa upole. Mwaka 2006, huko Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine walisoma mara ya pili, wengine walifunga kitabu wakaandika yale wanakumbuka. Kisha wiki moja, wale wa kusoma mara mbili walikumbuka asilimia 42, wale wa kujaribu kukumbuka asilimia 56. Na hawakutumia mega hata moja kwa ile kazi. Kwa mtoto mwenye simu ya dakika ishirini, kukumbuka ndiyo njia ya kusoma wakati simu iko kwa kaka.

Mwenye kufundisha hesabu anaweza kuchukua kakao ileile. Tuseme kilo 100 mbichi zinatoa kilo 40 kavu. Mtoto aulize bei ya mbichi na bei ya kavu ya wiki ile, kisha ahesabu: familia yenye inauza mbichi, juu ya kuogopa wizi ao juu ya kukimbia, inaacha pesa ngapi kwa kila kilo mia? Pale utaona majibu yanafika mbele ya saa, juu wanahesabu pesa ya baba yao.

Lakini angalieni kitu ambacho hatukuandika popote: "enda shambani upige picha." Katika vitabu vya kigeni vya kufundisha namna ya kutengeneza masomo, utasoma kwamba mwanafunzi atoke nje, achunguze mazingira, alete picha. Wazo zuri, kwao. Hapa kwetu shamba la kakao ndiko watu wanauawa. Mtoto mwenye kupenda masomo atakwenda, hasa ukimwahidi pointi. Kila kazi unayotoa, jiulize inamtembeza mtoto wapi, na saa ngapi. Kazi ya nyumba, ya jikoni, ya uwanja wa shangazi, inatosha.

Na kuko wengine wenye baba yao alibaki katika lile shamba. Neno kakao kwao si biolojia. Kwa hiyo somo liwe na mlango wa pili: mkate, kasiksi, maziwa yenye kuganda. Andika tangu mwanzo, "chagua mojawapo," usingoje mtoto ajieleze kwa nini hakujibu. Na mwenye anajibu kila siku akinyamaza siku ya kakao, usimwandikie katika grupu "mbona kimya?" Mpigie mama yake, uulize habari ya nyumbani.

Hapo tumefika kwa kujibu, yaani kazi kubwa zaidi. Hesabu ni rahisi na ngumu. Mwalimu mmoja hawezi kujibu watu 120 kila usiku. Lakini katika chumba hiki kuko wanafunzi wa chuo wengi. Gawa grupu ya 120 iwe vikundi kumi na mbili vya watu kumi. Kila kikundi kipate wasimamizi wawili, mwalimu abaki wa kutengeneza somo na kuwasikia wasimamizi. Majibu kumi kwa siku, dakika mbili mbili, ni kazi ya dakika ishirini. Mwenye hawezi kutoa zile dakika ishirini, tafadhali, asichukue kikundi. Mtoto aliyejibiwa wiki mbili kisha akaachwa anaumia kuliko mwenye hakuanza.

Kila Jumapili msimamizi anahesabu jambo moja tu: nani hakujibu mara mbili zikifuatana? Dole gumba hatuhesabu. "Vue" ya bluu hatuhesabu. Mwenye hakujibu mara mbili anapigiwa simu, ya kawaida, kwa inite. Mara nyingi sababu ni ndogo: simu iliuzwa, namba ilibadilika, mama alisafiri Kasindi. Mara ingine si ndogo.

Tuseme na jambo lenye watu wanaogopa kusema. Grupu ya masomo ni orodha ya namba za wasichana. Kuko wanaume wenye wanaingia kwa jina la kufundisha, kisha saa tano ya usiku wanaandika pembeni: "Umelala?" Kwa hiyo sheria yetu iko hivi, na mwenye haikubali hatutamwachia kikundi. Wasimamizi wawili, mmoja akiwa mwanamke. Majibu yote katika kikundi ao mbele ya wasimamizi wote wawili, hapana pembeni. Kisha saa tatu na nusu ya usiku, kimya. Wazazi wapewe namba ya dada mwenye wanaweza kumpigia. Mzazi akishajua hivyo, anaiacha simu kwa binti bila kusimama nyuma yake. Ndiyo, usalama huo pia ni sehemu ya kutengeneza somo: binti mwenye anaogopa simu hawezi kusoma ndani yake.

Kosa la mwanafunzi lisipigwe picha likatumwa kwa wengine kwa kuchekesha. Hata kwa mapenzi. Miji yetu ni midogo.

Na muangalie yale yanabaki ndani ya simu. Simu inaweza kuangaliwa njiani, ao kuibiwa, ao kuuzwa. Grupu ya masomo isiwe na majina ya kambi, ya nyumba wanazolala wahami, habari za askari, picha za maiti. Hata matangazo yetu sisi, wanamemba, tusiyatupe mle. Mwenye anataka kutufuata anajua pa kutupata. Mtoto aliyekuja kutafuta biolojia asiombwe kubeba mambo yetu katika simu ya mama yake.

Juu ya luga, maneno machache. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakubali luga za kitaifa na luga za mahali zitumike kufundishia, pamoja na Kifaransa. Basi tusione haya. Eleza kwa Kiswahili, na kwa Kinande kama kikundi chote kinakisikia, kisha funga na neno la Kifaransa lenye mtihani utataka. Tumesikia odio za walimu wenye wanaongea Kifaransa kizuri kabisa, na mtoto anajibu "merci mwalimu" na hakuna kingine. Akiambiwa aeleze kwa Kiswahili, pale unajua kama alishika.

Wasio na simu kabisa? Wako wengi, na hatutaki kujifanya hatuwaoni. Wawekwe watatu, wane, pamoja na mwenye simu katika kartie moja. Odio inasikilizwa mara moja kwa sauti, swali linaandikwa katika daftari, jibu moja linatumwa kwa jina la wote, na kila mara mtu mwingine ndiye anasema. Redio nayo ingali na nguvu. Mwaka 2020 Radio Okapi ilipitisha masomo kwa watoto wa inchi nzima, na redio za hapa zinaweza kufanya zaidi, juu zinajua watoto wao. Mwalimu asome swali redioni saa kumi na mbili, majibu yafike kwa SMS, kesho yake ayasome. Mtoto akisikia jibu lake linasomwa na redio, kijiji kizima kinajua.

Kwa wakubwa wa inchi na wenye kampuni za simu, madai yetu tutayaandika peke yake na kuyapeleka, lakini muyajue. Tunataka namba za masomo zisikate mega, katika kila mtandao, hasa katika maeneo yenye shule zimefungwa kwa vita. Tunataka intaneti isikatwe tena kama walivyoikata kisha uchaguzi wa Desemba 2018, wiki tatu hivi inchi ikiwa gizani. Leo kuikata ni kufunga na kilasi. Na tunataka neno "mtandaoni" lisitumiwe kama pazia. Shule yenye imechomwa ijengwe. Mwalimu alipwe. Barabara ya kwenda shule iwe salama. Somo la simu linashikilia mtoto asianguke wakati ule. Halibadilishi deni la serkali.

Sasa kazi. Tutagawanyika vikundi vya watu watano, kila kikundi kichukue somo moja lenye finalisti wanaliogopa. Tumesikia tayari elektrisite, logarithme na dissertation. Muandike mambo matatu tu: kazi ya kufanya nyumbani bila simu, odio isiyopita dakika tatu, na swali moja lenye watu wawili hawawezi kulijibu kwa maneno sawa. Kisha muandike pia kosa moja munalotazamia na namna mutalijibu. Mukimaliza, mutatuma somo lenu katika simu hii hapa, ya bei ya chini kabisa katika chumba, kioo kimepasuka. Dada wa kule nyuma atalifungua mbele yetu na kutuambia limekula mega ngapi na dakika ngapi. Likipita ishirini, munarudi kulikata.

Mbele ya kuanza, kuko maswali? Mama mwenye kitambaa cha kijani aliinua mkono tangu zamani. Karibu, mama.